Homa Niliyoisingizia Ruangwa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu, maana mke wangu husema maneno hayo hayo kwa kunilaumu. Wenzangu wakimaliza kazi wanakwenda kijiweni kubishana mpira. Mimi nikimaliza navuka uwanja wangu, naingia ndani, navua viatu, na siku imekwisha. Nilipomaliza kidato cha nne, kwa matokeo ambayo tusiyazungumze hapa, mjomba alinifundisha kuchomelea vyuma. Kitu cha kwanza nilichokipenda katika ufundi ule hakikuwa moto wala cheche. Nilipenda kwamba kazi yenyewe ingeweza kufanyika uani kwangu.

Mafundi wengine wa Nachingwea wanachomelea barabarani, chini ya turubai. Watu wanapita wanawasalimia, wanawaomba moto wa sigara, wanawahadithia bei ya korosho mnadani kana kwamba wao hawana redio. Mimi nikajenga chumba. Tofali za kuchoma pande zote nne, bati juu, mlango wa chuma niliouchomelea kwa mkono wangu, na kidirisha cha kupitishia waya wa umeme. Nikiingia nafunga. Mwenye shida na mimi agonge, na kwa kelele ya mashine simsikii. Mke wangu alipokiona kimekamilika alikizunguka mara moja, akaniuliza kama humo nitafuga kuku wa mayai.

Jambo moja tu lilikuwa linaning'oa: Ruangwa. Mke wangu ni wa huko, na mama yake yupo huko, na kwa watu wa kwetu huku kusini ukioa jua na wewe umeolewa kidogo. Zamani mume alihamia kwa wakwe akalima shamba lao huku wanamtazama anavyoshika jembe. Siku hizi hatuhami, lakini tunakwenda. Sikukuu tunakwenda, ufuta ukivunwa tunakwenda, korosho zikianza kudondoka tunakwenda, tunakaa siku kadhaa ndipo tunarudi. Mtu mwingine hata haiiti safari, ni wilaya ya jirani. Kwangu mimi safari huanza pale ninapogeuka nyuma nikakosa kuliona paa la nyumba yangu.

Na kila nikirudi, naugua.

Ilikuwa hivi. Tunafika nyumbani jioni, nalala salama. Asubuhi nafungua karakana yangu kwa furaha ya mtu aliyetoka uhamishoni, naanza na kazi zilizonisubiri: mageti, stendi za matanki ya maji, nyingi zake za yale mabomba meupe yaliyopakwa zinki yasishike kutu. Jioni, kabla ya chakula, mdomo unakuwa mtamu, utamu mbaya, kama nimenyonya sarafu. Kisha baridi. Kisha mifupa. Najifunika mablanketi katika joto la kabla ya mvua, wakati hata mbuzi wanahema, na meno yangu yanagongana. Asubuhi nimelowa jasho na homa imekwenda zake. Zahanati wananipima malaria, hawaioni. Kesho na keshokutwa nafanya kazi ile ile, mzima kabisa.

Sasa mimi sayansi nimesoma. Si sana, lakini jaribio najua ni nini. Nikikaa nyumbani sina homa. Nikienda Ruangwa, nikirudi nina homa. Nimelirudia jaribio tena na tena, jibu halibadiliki. Nikamweleza mke wangu alipokuwa anachambua mchele. Nilimweleza kwa utaratibu, nikihesabu hoja kwenye vidole. Hakuinua kichwa.

"Sema tu hutaki kwenda kwa mama," akasema.

Mdogo wake wa kiume, shemeji yangu, anaendesha bodaboda kati ya Ruangwa na Mbekenyera. Mtu wa kazi hiyo akijua jambo asubuhi, mchana linajulikana mpaka mwisho wa barabara. Kosa langu ni kwamba alipokuja kututembelea nilimweleza na yeye, na hoja zote, kwa vidole vile vile. Alinisikiliza kwa heshima kubwa. Siku ile ile akanipigia simu kuniuliza kama nikija tena aniletee hewa ya Nachingwea kwenye madumu, niwe navuta kidogo kidogo. Hilo si neno. Neno ni kwamba alikuwa ameshamweleza mama yake.

Mimi na mama mkwe hatukuwa na desturi ya kuzungumza uso kwa uso. Ni heshima ya kwetu: yeye anasema na binti yake, mimi nasema na mke wangu, na wote tunasikia. Kwa hiyo alipopiga simu, mke wangu aliweka sauti kubwa, akaishika simu katikati yetu kama mtu aliyeshika taa.

"Mwambie mumeo," ikasema simu, "wajukuu zangu wakija kwangu wanarudi na mashavu. Huo ugonjwa wa kwangu unachagua watu?"

Nikamwambia mke wangu amwambie mama kwamba watoto wana damu ya kule, wamezoea.

"Mwambie nimesikia," ikasema simu. Ikakatika.

Mke wangu hakucheka. Aliniambia kwa upole kwamba mama yake amekaa katika nyumba ile tangu yeye hajazaliwa, amezika mume humo, amelea watoto humo, na leo mkwe wake anasema ina ugonjwa. Na kwa kuwa watu ni watu, wapo ambao wakisikia nyumba ina ugonjwa hawafikirii mbu. Nikajibu kwamba mimi sijamtaja mchawi, nimetaja homa. Lakini pia nikaacha kwenda. Sikukuu nikasingizia kazi, ufuta nikasingizia kazi. Na ili uongo wangu usionekane uongo, nikafanya kazi kweli, kila siku, hata siku ambazo mji mzima umefunga.

Homa ikakoma. Niwaambie nilijisikiaje? Nilijisikia kama mwanasayansi. Nilitembea uani nimeweka mikono nyuma.

Kikohozi kilianza taratibu, nikakisingizia salfa. Wakati wa kupulizia mikorosho kila mtu huku anakohoa kidogo, vumbi lile la njano linatembea na upepo mpaka kwenye vikombe vya chai. Lakini msimu wa salfa ukapita, watu wakanyamaza, mimi nikaendelea. Kisha mwinuko wa kwenda sokoni, ambao nimeupanda tangu utotoni bila kujua kuwa ni mwinuko, ukaanza kuniomba nisimame katikati. Nikasema ni umri. Kisha kikaja kile nisichoweza kukisingizia chochote. Nyumba yetu ni nyumba ya utani, watoto wangu wananitania kuliko wanavyonisalimia, na mimi kicheko changu kinasikika kwa jirani wa tatu. Siku moja binti yangu aliniiga ninavyotembea nikiwa nimeitwa arusini. Nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kuisha, nikashika ukuta, macho yakaingia giza. Nilipopata pumzi, watoto walikuwa wamesimama wima wananitazama. Tangu siku ile hawakunitania tena. Walizungumza na mimi kama wanavyozungumza na mgeni kutoka wilayani.

Hapo ndipo nilipoogopa. Pumzi zilikuwa zinaniishia, na kila mtu nyumbani alikuwa ameanza kunibania kicheko ili zisiishe haraka.

Nikajitibu kwa dawa ya mafundi wote, maziwa. Ukimwuliza fundi yeyote wa kuchomelea atakwambia maziwa yanaosha moshi kifuani. Zamani kwetu maziwa yalikuwa ya kubahatisha, sisi ni watu wa jembe, lakini tangu wafugaji wa kule kanda ya ziwa walipohamia na makundi yao, yupo mama mmoja anayetoka upande wa Marambo na ndoo nyuma ya baiskeli. Nilinunua kwake asubuhi, nikanunua kwake jioni. Akawa ananisalimia kwa jina la mteja mkubwa. Akamwambia mke wangu kwamba ng'ombe wanamshukuru sana mzee, ila ndama wameanza kulalamika. Nikanenepa. Vifungo vya shati vikaanza kuvutana. Mke wangu alisema awali alikuwa na mume anayekohoa, sasa ana mume anayekohoa ambaye hapiti mlangoni.

Mama mkwe akaja bila taarifa. Alishuka kwenye bodaboda ya mwanawe na kapu la ming'oko, akaenda moja kwa moja upande wa jikoni, akakaa kwenye mkeka, akaanza kuvimenya viazi vile vyembamba vya porini na kuvila kama mtu aliyekuja kwa hilo tu. Mimi sikujua. Nilikuwa chumbani kwangu, mlango umefungwa, nachomelea stendi ya tanki ya mabomba yale meupe. Nilipotoka kunywa maziwa nikamkuta ananitazama. Ule moshi wa zinki ukipoa unakuwa kama sufi, vinyuzi vyeupe vinaelea hewani kisha vinatua. Vilikuwa vimetua kwenye nyusi, kwenye nywele, kwenye mabega.

"Muulize mumeo," akamwambia binti yake, "huko ndani anashona magodoro?"

Nilitaka kucheka. Kicheko kikaja, kikageuka, nikashika nguzo ya jiko. Kilichukua muda wake. Nilipoinua uso, mama mkwe alikuwa amesimama, mng'oko mmoja bado mkononi, na mzaha wote umemtoka. Akapita pembeni ya mke wangu, akasimama mbele yangu, akaniambia mimi mwenyewe:

"Mwanangu, njoo kwangu. Ukae wiki nzima, usishike chuma, usishike hata kijiko kama utaweza kula kwa mkono. Ukipata homa nyumbani kwangu nitaihama, nijengewe kwingine. Usipopata, utakwenda ninapokupeleka."

Sikuwa na njia. Mtu anayekuwekea dau nyumba yake huwezi kumwambia una geti la kumalizia.

Ile wiki niliishi kama bwana. Homa yangu siku zote ilingoja nirudi nyumbani, lakini kwa wiki nzima nilidhani itachoka kungoja, kwa hiyo kila asubuhi nilijigusa shingo kwa nyuma ya kiganja. Nadhani nilikuwa mtu pekee katika Ruangwa nzima aliyekuwa anaisubiri homa kwa hamu, maana isipokuja nimekwisha. Haikuja. Nilipewa ugali na kisamvu, nilipewa kuku, nilipewa kiti chenye mgongo chini ya ukingo wa paa. Mama mkwe alipita pita akishughulika, akienda shambani mchana na kurudi amechoka kuliko nilivyotegemea kwa mwanamke anayesifika kwa nguvu, akijilaza kidogo, akiamka. Shemeji kila asubuhi aliniuliza hali mbele ya wateja wake, kisha akaondoka na jibu kwenda kulisambaza mpaka Mbekenyera. Siku ya kufunga wiki alikuja na abiria wawili ambao hawakuwa na safari, walitaka tu kumwona shemeji wa homa.

Nilikuwa sijapata homa, na kikohozi kilikuwa kimepungua ukali. Mama mkwe hakujitapa. Alifunga khanga yake, akasema twende hospitali.

Daktari alikuwa dada mdogo mwenye sauti ya taratibu. Kwanza alinitoa hofu niliyokuwa sijathubutu kuitaja: makohozi yakapimwa, si kifua kikuu. Nikapigwa picha ya kifua. Kisha akanipa kidude cha plastiki, kijibomba chenye mshale pembeni, akaniambia nivute pumzi nipulize kwa nguvu zangu zote. Nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Mshale ukasogea kama mtu aliyelazimishwa kwenda msibani. Akaniambia nipumzike nirudie. Ukaenda pale pale.

Akauliza kazi yangu, nafanyia wapi, dirisha ni kubwa kiasi gani. Nikamwonesha ukubwa wa dirisha kwa viganja. Akauliza kama huwa napata homa. Basi nikamweleza Ruangwa. Sikuweza kujizuia, nilikuwa nimeitunza nadharia yangu muda mrefu bila msikilizaji mwenye elimu. Nilihesabu vidole vyote. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu, na sikugeuka kumtazama.

Daktari alicheka, akajifunika mdomo, akaomba radhi. Kisha akanieleza, na ninaandika nilivyomwelewa. Moshi wa zinki ndio unaoleta ile homa. Ukiuvuta kila siku, mwili unauzoea, unanyamaza. Ukikaa siku kadhaa bila kuuvuta, mwili unasahau mazoea. Ukiuvuta tena siku ya kwanza, unapiga kelele upya.

"Kwa hiyo Ruangwa ndiko ulikokuwa unapona," akasema. "Ulipoacha kuja, homa iliacha kukuambia. Moshi haukuacha kuingia."

Nyuma yangu benchi lililia kidogo, mtu alikuwa ameketi vizuri zaidi.

Nikauliza habari ya maziwa. Akasema maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu, na hao wawili hawajawahi kukutana. Kisha akaacha mzaha. Mapafu yangu yalikuwa yameumia. Kuna sehemu imepata makovu, hiyo hairudi, nisimsikilize atakayeniuzia dawa ya kuirudisha. Sehemu nyingine imevimba tu na imechoka, hiyo nikiacha kuiunguza itapumua. Akanipa dawa ya kuvuta na maagizo. Nisichomelee tena ndani ya chumba kile. Mabomba ya zinki niyaache, na yasipoachika niondoe zinki pale pa kuungia kabla ya moto, kwa brashi na maji, upepo unitokee ubavuni, na nivae kinyago chenye vichujio, si leso. Akasema nikiendelea kama mwanzo, siku itafika ambapo hata kuvuka uwanja wangu itakuwa safari.

Hilo ndilo lililoniingia. Maneno mengine yote nilikuwa nayabishia kimya kimya, nikipanga kuongeza dirisha la pili. Lakini kuvuka uwanja wangu ndiyo maisha yangu yote.

Nilirudi Nachingwea na kutangaza kwamba nitabomoa chumba. Mke wangu hakusubiri mipango. Alichukua nyundo nzito iliyokuwa chini ya meza yangu, akaenda kwenye ukuta unaotazama barabara, akaupiga. Sikuwahi kujua ana mkono vile. Mimi niliamriwa kukaa mbali, upande upepo unakotoka, vumbi lisinifikie, kwa hiyo niliangalia chumba changu kinavunjwa nikiwa kwenye kiti kama mgeni rasmi. Shemeji alikuja na nyundo yake. Watoto walipanga tofali nzima upande mmoja na vipande upande mwingine, wakinipigia saluti kila wakipita. Walikuwa wameanza tena. Mama wa maziwa alisimamisha baiskeli, akauliza kuna nini, akaambiwa, akasikitika kwa dhati juu ya biashara yake, kisha akakunja kitenge akaanza kubeba tofali.

Shemeji ndiye aliyeropoka. Alikuwa juu ya ngazi, amelegea kwa jasho na soga, akasema nyumba ya mama ilinusurika kwa tundu la sindano, maana malaria ya wiki ile ilimpata mama kweli kweli. Nikamwuliza malaria gani. Akashika mdomo, lakini yeye na siri hawajawahi kulala nyumba moja. Mama mkwe alikuwa amepata homa katikati ya wiki yangu. Alipimwa, akapewa dawa mseto, akawa anazimeza shambani ili nisimwone. Kule kuchoka, kule kujilaza kidogo na kuamka, ilikuwa homa, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chenye mgongo mbele yake najigusa shingo.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Lakini safari hii kikohozi kilikuwa kifupi, na watoto hawakusimama wima. Mmoja alinipiga mgongoni akaendelea na tofali.

Sasa nachomelea chini ya bati lenye nguzo tu. Upepo unapita utakavyo, na watu pia. Wanaume wa mtaa wamegundua kwamba ukingo wa msingi wangu wa zamani unafaa kukaliwa. Wanakaa pale, mbali na moto kwa amri ya mke wangu, wananihadithia bei ya korosho mnadani. Nimekuwa kijiwe. Nimekataa mara kadhaa kazi za mabomba meupe, na wateja wengine wamekwenda kwa fundi mwingine. Wapo waliorudi na chuma cheusi, kisicho na zinki. Jioni nikiwa nimechoka kuzungumza kuliko kuchomelea, namlaumu daktari, naulaumu upepo, kisha navuka uwanja wangu na kugundua nimefika bila kuhema.

Kila baada ya miezi kadhaa narudi Ruangwa kwenda kupuliza kile kidude. Mara ya mwisho mama mkwe alinisindikiza, kama kawaida. Mshale ulipanda, ukapita ulipoishia mwanzo, ukasimama chini ya pale unapotakiwa kufika kwa mtu wa umri wangu. Daktari alisema huenda ukapanda kidogo tena, huenda ukaishia hapo, nisiudharau. Tulirudi kwa miguu. Nyumba yake ipo juu kidogo ya barabara, na katika kupanda ilinibidi nisimame. Yeye alitangulia, akageuka, akanisubiri na mkoba wangu wa dawa kichwani pake.

Nikamwambia, moja kwa moja, maana mambo ya kupitia kwa binti yake tulishayamaliza: "Mama, ile wiki ulipata homa. Dau lilikuwa ikipatikana homa nyumbani kwako, unahama."

"Dau lilikuwa homa yako," akasema. "Yangu mimi ina ubaya gani? Mimi ni mwenyeji."

Nikaanza kucheka. Nilikuwa katikati ya mwinuko, mkono kiunoni, na nilimwona amenyanyua shingo kidogo, anasikiliza nitakavyoishia. Nikakohoa mara mbili mwishoni. Aliposikia ni mbili tu akageuka akaendelea kupanda, akisema niharakishe, chakula kinapoa, na kwamba safari ijayo nije na geti la banda lake la mbuzi, la chuma cheusi.